Nyanya za Kwenye Madebe Yaliyotobolewa

Mimi ni mtu wa kushangaa haraka. Hata mbuzi akipiga chafya nageuka. Lakini asubuhi ile nyapara alipoinua debe juu ya kichwa chake, jua likapenya kwenye tundu la chini na kunipiga usoni, nilishangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo. Vumbi la mgodi likaingia lote. Nikalimeza bila kujua.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, nisije nikawachanganya kama nilivyochanganyikiwa mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nasukuma toroli za mawe kwenye mgodi mmoja wa dhahabu, upande wa Geita. Mgodi wenyewe siutaji, hauna kosa, kosa lilikuwa na miguu miwili na jina langu. Shule niliachia darasa la tatu, katikati ya hesabu za kugawanya. Mpaka leo kuzidisha naweza. Kugawanya mniache.

Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu ni wa upande wa Tinde, kwa watu wa ng'ombe na majembe, na mama yake alimtoa kwa shingo upande. Kwa mama mkwe wangu, mwanaume anapimwa kwa tuta alilolima. Walipomwambia mkwe anachimba dhahabu, aliuliza swali moja tu: "Hiyo dhahabu inapikwa na ugali gani?" Akakubali binti anifuate mgodini, lakini kwa sharti. Baada ya mavuno angekuja mwenyewe kuangalia. Akikuta binti yake ana bustani, hata ndogo kama mkeka, atamwacha kwangu. Asipoikuta, wanapanda lori lile lile pamoja, wanarudi Tinde, na mimi nibaki na dhahabu yangu.

Sharti hilo mke wangu aliniambia tulipokwisha kufika kambini. Nilicheka. Kisha nikatoka nje kuangalia mahali pa kulima, na kicheko kikaniishia.

Kambi yetu ilikuwa safu za vyumba vya bati, na mbele ya vyumba ardhi tupu. Tupu kabisa. Ilikuwa sheria. Kila Jumamosi nyapara alipita na fimbo akiangalia chini, na akikuta jani limeota mbele ya mlango wako, unalo. Walisema majani yanaleta mbu. Na hata bila sheria usingepanda kitu, maana chini palikuwa kokoto za mgodi, jembe likigonga linatoa cheche.

"Tumekwisha," mke wangu akasema.

"Bado."

"Utalima wapi, kitandani?"

Nikaangalia chini: kokoto. Nikaangalia kulia: chumba cha mtani wangu, Mzaramo mmoja aliyekuja kutoka pwani kutafuta utajiri akapata kikohozi. Kushoto: choo. Mwisho nikaangalia juu. Paa letu la bati lilitokeza mbele kama kofia, na chini yake kulikuwa na boriti nzuri nene. Nyapara alikuwa na sheria ya ardhi. Ya hewani hakuwa nayo.

"Tutalima hapo," nikaonyesha kwa kidole.

Mke wangu akaangalia juu muda mrefu. "Mama alisema ana wasiwasi na akili yako," akasema. "Mimi nikamtetea."

Mbegu hazikutusumbua. Nyuma ya jiko la wazungu palikuwa na jalala, na kwenye jalala zilijiotea zenyewe nyanya ndogo, za mviringo, kubwa kidogo kuliko gololi, zinazaa kwa vichala kama shanga kwenye uzi. Mke wangu alizijua. Kwao zilikuwa zinaota kwenye vichuguu, ndege wanazila. "Hizi zinaota hata ukizitukana," akasema. Shida ilikuwa vyombo.

Sasa lazima muelewe debe lilikuwa nini siku zile. Debe lilikuwa mali. Ukitupa debe asubuhi, mchana limekuwa ndoo ya mtu, na likizeeka kuwa ndoo linapasuliwa linakuwa mlango, na mlango ukioza vipande vinaziba paa. Sijawahi kuona debe limelala barabarani bila mwenyewe. Ndiyo maana siku niliyokwenda kutafuta kuni nyuma ya kilima, mbali na njia yetu ya kazini, nikakuta shimo limejaa madebe, moyo uliruka. Madebe! Yamelala hapo yamenyeshewa na mvua za masika, hakuna mtu anayeyataka. Nikalichukua moja, nikaligeuza. Lilikuwa limetobolewa chini, tundu safi, kama limepigwa kwa ncha ya sururu. Nikachukua la pili: tundu. Yote yalikuwa na tundu mahali pale pale.

Mtu mwenye akili angejiuliza nani alisimama hapo akatoboa debe moja moja, na kwa nini. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Maana mke wangu alikuwa ameniambia asubuhi ile ile: chombo cha kupandia kisipokuwa na tundu chini, maji yanatuama, mizizi inaoza. Na hapa nimeletewa yaliyokwisha kutobolewa! Nilijiambia, watu wameyaacha kwa sababu yanavuja. Wajinga hao. Kambi nzima, mwenye macho ni mimi peke yangu.

Ubavuni mwa madebe palikuwa na karatasi yenye maandishi na picha, kutu imekula karibu yote. Maandishi ni ya Kizungu, nikasoma herufi mbili nikachoka. Kwenye picha yalibaki meno tu. Meno mengi, yamepangwa vizuri. Nikadhani ni mtu anacheka. Nikadhani ni madebe ya unga wa kusugulia meno.

Tukayakata katikati, tukachukua nusu za chini. Nikapata chokaa iliyobaki walipopaka ofisi, nikayapaka nje yakawa meupe kama mayai. Kamba tukasuka kwa waya za baruti zilizokwisha kazi, nyekundu na njano, kila debe na mikono mitatu ya waya inayokutana juu. Udongo mke wangu alichanganya mwenyewe: wa kichuguu, samadi ya ng'ombe waliopitishwa kwenda mnadani, na majivu kidogo. Mtani wangu Mzaramo alisimama kwenye ngazi akifunga kwenye boriti, huku anatukana.

"Nyinyi Wasukuma mna ardhi mpaka Shinyanga, inawashinda, sasa mmehamia kwenye paa!"

"Funga vizuri, mtani. Likikuangukia kichwani litaharibika debe."

Mwanzoni nusura tushindwe. Bati lilikuwa linawaka mchana, miche ikainama kama imepewa habari ya msiba. Mke wangu akashusha kamba ili madebe yaning'inie chini zaidi, mbali na joto la bati, na akawa anamwagilia mara mbili, asubuhi na jioni, kwa maji ya kuoshea vyombo. Vyombo vya kuning'inia vinakauka haraka, upepo unavipiga kila upande. Matawi yalipokuwa marefu hakuyafunga kwenye mti kama tunavyofanya shambani. Aliyaacha yamwagike pembeni, yaning'inie kama nywele. Maua yalipotoka alipita akigonga kila debe kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi, ili ua lijichavushe. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake nikiwaambia majirani kwamba mpango wote ni wangu.

Jumamosi nyapara akaja na fimbo yake. Akaangalia chini: pasafi. Akainua uso kuangalia kinachonong'ona huko juu, na debe moja likamdondoshea tone la maji ndani ya jicho. Akapangusa. Akafikiri. Akatafuta sheria kichwani, hakuiona.

"Hiki ni nini?"

"Ni hewa, bwana nyapara," nikasema.

Akaondoka akifikicha jicho.

Nyanya zikaiva. Wallahi sijaona kitu kizuri kama kile. Mbele ya chumba cha bati, katika kambi yenye rangi ya vumbi, vichala vyekundu vinaning'inia kutoka kwenye madebe meupe. Watu wa zamu walikuwa wanapita njia yetu makusudi. Na mama mkwe akaja.

Alikuja na lori la mizigo kupitia Runzewe, amekaa juu ya magunia, na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja mwekundu amefungwa mguu. Mimi sikumwona. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani, wewe mwanaume unaingia porini, hata kama kuna miiba, unageuza mgongo mpaka apite. Hamli pamoja, hampeani mkono, hamsemeshani. Ukiwa na neno unampa mtu wa katikati alifikishe. Na kama mtu wa katikati hayupo na neno ni la lazima, unamsemesha kitu kingine, jiwe au mnyama, naye anasikia kwa pembeni. Hiyo ndiyo heshima. Basi siku alipofika nilihamia kwa Mzaramo, nikawa nalala mkekani kwake, na nyumba yangu naiangalia kwa tundu la ukuta.

Mzaramo ndiye alikuwa mtu wa katikati. Kila jioni alikwenda kusalimia akarudi na habari, na mimi nilikuwa namsubiri kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Amesemaje?"

"Amekaa chini ya madebe. Anazichuma anakula mbichi, kama karanga."

"Amesemaje lakini?"

"Amesema hajawahi kuona shamba linalolimwa na mtu aliyesimama." Mzaramo akajilaza. "Mtani, nadhani umepona. Kesho kutwa lori linarudi, na nimemsikia anamwambia mkeo atafute nafasi ya mtu mmoja."

Ya mtu mmoja! Usiku ule nilikoroma kama mwenye ng'ombe.

Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo. Nyapara alituita wote kabla ya zamu mbele ya kinu cha kusagia mawe, wa chini ya ardhi na wa kinuni. Alikuwa amekasirika mpaka mishipa ya shingo imesimama. Mkononi ana debe. Alisema wamemkamata mama mmoja wa kijiji cha jirani anachota maji na debe kama lile, tundu ameliziba na udongo, na kwa bahati alikamatwa hajapika wala hajanywa. Ndipo akaliinua juu, na jua likapita kwenye tundu.

"Mnaliona tundu hili? Hili debe lilikuja na sumu ya kinuni, ya kusafishia dhahabu! Chembe kama ya chumvi inaua dume la ng'ombe! Tunayatoboa makusudi, debe moja moja, ili asipatikane mtu wa kuyatumia. Maana ni mjinga gani atakayebeba chombo kinachovuja?"

Watu wakacheka. Mzaramo, aliyekuwa kando yangu, hakucheka. Nyapara akaligeuza debe ubavu. Lile lilikuwa jipya, kutu haijafika, na picha ilikuwa nzima. Nikayaona meno yangu. Juu ya meno kulikuwa na tundu la pua, na juu ya pua matundu mawili ya macho. Halikuwa na nyama lile tabasamu. Lilikuwa fuvu la mtu.

"Mtani," Mzaramo akasema kwa sauti ndogo, "mama yule ameanza kula tangu alipofika."

Miguu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Kutoka kinuni mpaka kambini ni kupanda, na mimi nilipanda kama nateremka. Njiani kichwa kilikuwa kinapiga kelele chenyewe. Nimemuua. Nimemuua mama wa watu kwa nyanya. Nimemuua na mke wangu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikula bakuli zima juzi, tumbo likaanza kuuma hapo hapo, kwa utii.

Nilifika mbele ya chumba changu, nikasimama kama nimegonga ukuta. Mke wangu hayupo, amekwenda kisimani. Mzaramo nimemwacha nyuma, nasikia kikohozi chake mbali. Majirani wako kazini. Chini ya madebe, kwenye kigoda, yuko mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye peke yake duniani nisiyeruhusiwa kumsemesha. Niligeuka haraka nikampa mgongo. Pembeni ya mlango kulikuwa na kuku wake mwekundu, amefungwa mguu kwenye jiwe.

Basi nikamkazia macho kuku.

"Wewe kuku!" nikapiga kelele. "Acha kula nyanya hizo!"

Kuku akaniangalia kwa jicho moja. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu, naye anamsemesha kuku.

"Kuku, ulikuwa unakula nyanya?"

"Kuku, ulizokula zinatosha! Usiongeze hata moja!"

"Ehee. Kuku, umesikia. Kumbe zilikuwa zinaangaliwa."

"Kuku, siyo kukunyima. Zina sumu!"

"Kuku, nyanya zina sumu. Mwenye nazo anakula, mke wake anakula, wewe mgeni ukila zinakuwa na sumu." Sauti ilikuwa inapanda. "Kuku, ndiyo maana zimetundikwa juu. Kwetu chakula kinakaa chini, kila mtu anafika. Huku wanakitundika ili mgeni ashibe kwa macho!"

"Kuku, sikiliza, yale madebe..."

"Kuku, mwambie huyo anayepita, mimi nimelisha mashemeji na wakwe kwenye njaa mbaya kuliko hii, na sijamwambia mtu zinatosha!"

Halafu nikasikia kikonyo kinakatika. Kale kasauti kadogo ka nyanya inayotoka kwenye kichala. Alikuwa anachuma nyingine, ya kunikomoa.

Niligeuka.

Niligeuka, nikamrukia, nikamshika mkono mama mkwe wangu. Nyanya ilikuwa karibu na mdomo. Nikaibana, ikapasuka katikati ya vidole vyetu, maji na mbegu zikamrukia kwenye kaniki, kifuani. Na tukaangaliana. Nilikuwa sijawahi kumwona uso kwa uso. Pua ilikuwa ile ile ya mke wangu, na macho yale yale, makubwa, yananiangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Nadhani yangu yalikuwa hivyo hivyo.

"Mayu wane!" akapiga yowe, yaani mama yangu, kwa Kisukuma, akajifunika kaniki uso mzima. Kuku naye akapiga yowe lake.

Wakati huo huo mke wangu akatokea na ndoo kichwani, na Mzaramo akafika anakohoa. Mke wangu akaona mume wake ameshika mkono wa mama yake. Ndoo ikadondoka yenyewe.

"Sumu," nikasema. Ndilo neno pekee lililobaki. "Madebe ni ya sumu."

Mke wangu akakaa chini kwenye matope aliyoyamwaga. "Hata mimi nimekula," akasema polepole. "Asubuhi hii."

Mzaramo akakimbia kumleta dresa, yule mwuguzi wa zahanati ya mgodi. Dresa alikuja na chupa ya maji ya chumvi ya moto, akatuamuru wote tunywe tutapike. Mimi nilianza, nyuma ya choo, na nilifanya kazi nzuri mno. Mke wangu akafuata. Mama mkwe alikataa. Chini ya kaniki ikatoka sauti kavu: "Sitapiki mbele ya mkwe." Dresa akamwambia mama, hii ni roho yako. Akajibu kwamba roho anaijua, na adabu anaijua pia, mkwe aondoke kwanza. Nikapelekwa mbali, mpaka kwenye mti wa tatu, nikageuzwa mgongo. Ndipo akatapika, kama nilivyoambiwa, kwa heshima zote.

Dresa akayakagua madebe, akaniuliza niliyatoa wapi, yalikaa huko muda gani. Nikasema yalinyeshewa masika yote. Akaniangalia kwa huruma, kama anaangalia kidonda cha zamani.

"Mvua imekuoshea, mjinga wewe," akasema. "Ile sumu haina subira. Ingekuwa imo, usingepata nafasi ya kukimbia. Lakini usirudie. Na usimwambie mtu kwamba mimi nimesema ni salama, maana sijasema."

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeumwa hata kichwa. Lakini kesho yake lori lilipoondoka lilikuwa na abiria wawili wa Tinde, na kuku wao. Mke wangu alifunga mizigo bila kuniangalia. Nilimwuliza mama amesema nini.

"Amesema kuhusu sumu amesamehe. Ulikosea, na ulikuja mbio." Akafunga fundo. "Kuhusu kumwambia zinatosha, na kumshika mkono, anasema hajui hata aanzie wapi kusimulia kwa watu."

"Na wewe?"

"Mimi niliambiwa kuna bustani," akasema. Akaenda.

Nilishusha madebe na Mzaramo, tukayarudisha shimoni. Nyapara alitukuta njiani. Akatambua chokaa, akatambua waya nyekundu na njano, akasimama.

"Subiri. Ndiyo haya yaliyonidondokea jichoni?"

Hakusubiri jibu. Alikimbia kwenda kunawa, na sijui kama ameacha kunawa.

Chumba bila mke ni bati tu. Nilikaa mpaka mvua zikapita, natuma salamu kwa madereva wa Isaka, hakuna inayorudi. Mwisho nikaomba ruhusa, nikamchukua mtani wangu awe mtu wa katikati, tukapanda lori kwenda Tinde kumwomba mke wangu. Njia nzima Mzaramo ananipa moyo kwa namna yake. "Wakikufukuza, mtani, mimi nitabaki kidogo. Nasikia wana maziwa."

Tuliingia kwenye mji wa wakwe zangu mchana, mimi nimeinamisha kichwa kama ng'ombe wa kulima. Mzaramo akanigusa ubavu. "Inua macho. Usiangalie mtu. Angalia paa."

Nikainua macho. Chini ya paa la jiko la mama mkwe vilikuwa vinaning'inia vibuyu. Vibuyu vikubwa vimekatwa vichwa, vimetobolewa chini, vimefungwa kwa kamba za katani, na kutoka kwenye kila kibuyu zinamwagika nyanya ndogo nyekundu, vichala kwa vichala, mpaka karibu na ardhi. Na chini hapo alikuwa na shamba kubwa tu, nafasi ya kupanda chochote! Nilishangaa mpaka nikataka kukaa. Mbegu zilikuwa zile zile. Zile zilizomrukia kwenye kaniki, zikakaukia pale, akafika nazo kwao.

Nikageuzwa mgongo, nikapewa kigoda. Nyuma yangu nikasikia anakuja, nikasikia na vifaranga. Yule kuku mwekundu alikuwa amepata watoto. Bakuli la mti likawekwa chini kando yangu, mkono ukarudi haraka. Limejaa nyanya, zinang'aa, zimeoshwa.

"Kuku," mama mkwe akasema, "mwambie mgeni, kwangu hakuna anayeambiwa zinatosha."

Niliangalia lile bakuli. Mzaramo akaniinamia sikioni. "Mtani, huyu mama ana kila sababu. Ukila, mimi nitawaambia watu wa mgodi ulikufa kishujaa."

"Kuku," sauti ikasema, "mwulize anaogopa nini."

Nikala. Nikala moja, nikangoja. Nikala ya pili. Zilikuwa tamu, na jasho linanitoka kama niko chini ya mgodi. Nilikula bakuli lote mpaka maji ya mwisho, na ilipofika nyanya ya mwisho nikasikia mtu anacheka ndani ya jiko, kicheko cha kujibana kinachotokea puani. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu lori liondoke.

"Kuku," nikasema, "nimekuja kumchukua mke wangu."

"Kuku, hilo halipo," mama mkwe akajibu. "Mahali ambapo chombo lazima kitobolewe ili watu wasife, binti yangu hakai. Lakini mume wake akitaka kukaa hapa, jembe liko nyuma ya mlango. Na vibuyu vinataka maji, mimi mikono haifiki juu."

Nilikuwa nimekuja kuchukua, nikachukuliwa. Mzaramo alirudi mgodini peke yake, na maziwa tumboni, na hadithi iliyomlisha mpaka alipostaafu.

Nikalima. Miaka ile nilimsemesha kuku kuliko nilivyomsemesha binadamu yeyote. Kuku akifa tulikuwa tunapata mwingine kazi iendelee. Kisha mke wangu akajifungua, wazee wakafanya yanayofanywa, na ile miiko mikali ikalegezwa, maana sasa tulikuwa na mjukuu katikati. Jioni moja nilikuwa nimekaa uani na mtoto mapajani. Mama mkwe akatoka jikoni, akasimama mbele yangu, usoni kabisa.

"Umemwagilia nyanya?" akaniuliza.

Nikageuka kumtafuta kuku. Hakukuwa na kuku.